Kijani siyo msitu: michikichi ya Bugala, miti ya karatasi, na maswali ya kuuliza kabla shamba halijafika kijijini kwenu

Mada ya leo ni ndefu kidogo, na kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, shuka moja kwa moja chini kwenye MASWALI SABA, chapisha, kasome nyumbani. Wenye muda twende taratibu.

Mada ni misitu inayokatwa ili kupisha mashamba makubwa ya aina mbili: michikichi ya mafuta na miti ya kutengeneza karatasi. Wengi tukisikia hayo tunafikiria Indonesia huko mbali. Lakini kisa chenyewe kiko jirani kabisa. Simama ufukweni Bukoba, tazama kaskazini, vuka mpaka wa majini uingie Uganda, utakutana na visiwa vya Ssese. Kikubwa kuliko vyote kinaitwa Bugala. Yaliyotokea Bugala tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni somo kamili, na maji ni yale yale ya Ziwa Victoria tunayovua sisi.

KWANZA TUELEWANE: MSITU NI NINI, SHAMBA NI NINI?

Ukipita kwa basi ukaona kijani kilometa nyingi, unasema "eh, msitu". Sio lazima. Msitu wa asili una miti ya aina nyingi, ya umri tofauti, ina matunda, dawa, asali, uyoga, kuni, ndege, nyani. Mizizi yake inashika udongo na kuachia maji polepole mpaka kiangazi. Shamba la miti ni mti wa aina moja, umri mmoja, mistari iliyonyooka, na siku moja wote unakatwa. Ni zao kama mahindi, tofauti ni kwamba linachelewa kuvunwa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) likihesabu misitu ya dunia, shamba la misindano au mikaratusi linahesabiwa kuwa ni msitu. Shamba la michikichi halihesabiwi, linawekwa kwenye kilimo. Maana yake ukikata miombo yenye aina mia za miti ukapanda mikaratusi mitupu, kwenye takwimu msitu haujapungua hata kidogo! Kwa hiyo ukiambiwa "eneo la misitu limeongezeka", swali la kwanza ni: msitu gani?

MCHIKICHI NI MTI GANI?

Kwa wenzetu wa Kigoma hili halihitaji somo. Mchikichi asili yake ni Afrika, hasa magharibi na kati. Nyama ya tunda inatoa mawese, yale mafuta mekundu, na kokwa ya ndani inatoa mise. Mawese yakisafishwa kiwandani yanakuwa meupe na kuingia kila mahali: mafuta ya kupikia, sabuni, majarini, biskuti, tambi za paketi, hata vipodozi. Mara nyingi kwenye lebo utaona "mafuta ya mimea" tu, basi.

Kwa nini wawekezaji wanaupenda? Kwa sababu hakuna zao linaloushinda kwa mafuta. Hekta moja inayotunzwa vizuri inaweza kutoa tani 3 hadi 4 za mafuta kwa mwaka, wakati soya kwenye eneo hilo hilo haifiki hata tani moja. Mti unaanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu au minne na unavunwa mpaka karibu miaka 25. Tuseme ukweli, ni zao la maana.

Tatizo liko kwenye mambo mawili. Moja, mchikichi unataka joto na mvua nyingi mwaka mzima, yaani hali ya hewa ile ile inayotakiwa na msitu mnene wa tropiki. Kwa hiyo panapofaa mchikichi ndipo palipo na msitu. Mbili, mkungu ukishakatwa unatakiwa kufika kwenye mtambo ndani ya siku moja hivi, la sivyo mafuta yanaharibika. Kiwanda kikubwa kinataka matunda mengi kila siku, kwa hiyo kinataka shamba kubwa lililokizunguka. Na mkulima mdogo aliye karibu na kiwanda kimoja hana mnunuzi mwingine. Hili la pili likumbukeni, tutalirudia.

NA MITI YA KARATASI?

Karatasi inatokana na rojo la nyuzi za mti. Magogo yanakatwa vipande vidogo, yanapikwa kwa kemikali, rojo linasafishwa na kukaushwa. Miti inayotumika ni ile inayokua haraka: misindano, mikaratusi na akesha. Mikaratusi inaweza kuvunwa kwa rojo ndani ya miaka 7 hadi 10. Kiwanda kinakula magogo usiku na mchana, kinakunywa maji mengi na kutoa maji machafu. Kwa hiyo hesabu ni ile ile: mtambo mmoja mkubwa, maelfu ya hekta kuuzunguka.

HABARI ILIANZIA WAPI?

Mwaka 1848 Wadachi walipeleka miche minne ya mchikichi kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Miaka ya 1911 na kuendelea mashamba ya biashara yakaanza Sumatra, na mwaka 1917 Malaya. Mwaka huo huo wa 1911, Mwingereza William Lever, yule wa sabuni, alipata maeneo makubwa ya michikichi Kongo ya Wabelgiji. Yaani mti wa Afrika ulikwenda Asia ukawa tajiri, na leo Indonesia na Malaysia zinatoa takribani asilimia 85 ya mawese yote ya dunia.

Gharama yake? Sumatra na Borneo zimepoteza sehemu kubwa sana ya misitu yake ya nyanda za chini. Mkoa wa Riau, Sumatra, umeshikwa na michikichi upande mmoja na akesha ya viwanda vya karatasi upande mwingine. Ardhi nyingi ya huko ni ya mboji nzito yenye majimaji. Ukiichimbia mifereji inakauka, ikishika moto inafuka chini kwa chini kwa wiki nyingi. Mwaka 2015 ziliungua hekta milioni 2.6 Indonesia, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Moshi ulifunga shule mpaka Singapore na Malaysia.

Kelele zilipozidi, kampuni zikaanza kuahidi. Februari 2013 kampuni ya karatasi ya APP ilisema haitatumia tena miti ya misitu ya asili. Desemba 2013 Wilmar ya Singapore, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa mawese, nayo ikaahidi: hakuna kukata misitu, hakuna kulima kwenye mboji, hakuna kunyanyasa watu. Lishikeni jina la Wilmar, maana linarudi Ziwa Victoria sasa hivi.

BUGALA HATUA KWA HATUA

Wilaya ya Kalangala ina visiwa 84. Bugala chenyewe hakifiki kilomita za mraba 300. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana visiwani, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki. Watu wakarudi baadaye, wachache wachache, wavuvi na wakulima wa kahawa na migomba. Ndiyo maana msitu ulikuwa mwingi. Mvua nyingi, joto, watu wachache, msitu: kwa macho ya mtaalamu wa michikichi, hapo ndipo penyewe.

Uganda ilikuwa inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje. Mwaka 1997 Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), ambao ni wa Umoja wa Mataifa, uliidhinisha mkopo wa mradi wa kuendeleza mafuta ya mimea. Mwaka 2003 serikali ikasaini makubaliano na BIDCO, kampuni ya mafuta yenye asili ya Kenya, ikiwa pamoja na Wilmar. Ikazaliwa kampuni ya Oil Palm Uganda Limited, OPUL. Wakulima wadogo walipewa asilimia 10 ya hisa kupitia mfuko wao, KOPGT. Benki ya Dunia, iliyohusishwa mwanzoni, ilijitoa kwa sababu mradi haukuendana na sera yake ya misitu.

Mpango ulikuwa hekta 10,000 Bugala: hekta 6,500 za shamba mama la kampuni na hekta 3,500 za wakulima wadogo. Piga hesabu. Hekta 10,000 ni kilomita za mraba 100, yaani zaidi ya theluthi moja ya kisiwa chote! Kupanda kukaanza katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2010 mtambo wa kukamua ukafunguliwa Bwendero.

Ardhi ilitoka wapi? Nyingine ilikuwa ya serikali, nyingine ilinunuliwa kwa wenye mailo. Wasomaji wa Kagera hapa mtaelewa haraka kuliko wengine. Mailo ni mfumo wa Buganda ambapo mwenye hati ni bwana mkubwa, pengine anaishi Kampala, na anayelima ni mwenye kibanja. Sisi tulikuwa na nyarubanja, bwana na mtwana wake kwenye ardhi moja, mfumo ambao ulifutwa miaka ya 1960 baada ya uhuru. Uganda mailo ipo mpaka leo. Sasa mwenye hati akiuza, mwenye kibanja aliyelima hapo miaka ishirini anaona trekta tu asubuhi. Sheria ya Uganda inamlinda mwenye kibanja, ila kulindwa kwenye karatasi na kulindwa mbele ya trekta ni vitu viwili tofauti.

MWAKA 2007: WATU WALISEMA HAPANA

Kampuni ilihitaji eneo zaidi, na macho yakaenda kwenye misitu ya hifadhi ya Bugala iliyo chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu ya Uganda, NFA. Wakati huo huo kulikuwa na mpango wa kutoa hekta kama 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu ule ulio kati ya Kampala na Jinja, kwa kiwanda cha sukari cha SCOUL, Lugazi. Desemba 2006 mkurugenzi mtendaji wa NFA, Olav Bjella kutoka Norway, alijiuzulu kutokana na shinikizo la kugawa misitu.

Vijana wa Uganda wakaingia kazini. Meseji za simu zikasambaa zikiwataka watu wasinunue sukari ya Lugazi. Tarehe 12 Aprili 2007 maandamano ya Mabira yakafanyika Kampala, na kwa bahati mbaya sana yakageuka vurugu: watu wakauawa, na Wahindi wasio na hatia wakashambuliwa mitaani. Hilo ni doa, na tuliseme kama lilivyo. Kosa la mpango wa serikali si ruhusa ya kumpiga mpita njia.

Mei 2007 serikali ikatangaza kuachana na mpango wa kukata misitu ya hifadhi ya Bugala kwa ajili ya michikichi, na Oktoba mwaka huo mpango wa Mabira ukasimamishwa. Wa Mabira uliibuliwa tena mwaka 2011, kelele zikarudi, na Mabira bado ipo. Funzo ni kwamba uamuzi wa juu unaweza kubadilika. Ila Bugala misitu mingi iliyokuwa kwenye ardhi za watu binafsi ilikuwa imeshaondoka. Hifadhi iliokolewa, vichaka na misitu ya nje ya hifadhi haikuwa na mtetezi.

NANI ALIPATA, NANI ALIPOTEZA?

Tuwe wakweli, maana upande mmoja tu haujengi.

Waliopata: wakulima wadogo zaidi ya elfu moja walipata zao linaloingiza pesa kila mwezi. Kahawa ni msimu, samaki ni bahati, mchikichi unavunwa mwaka mzima. Watu wamejenga nyumba za bati, wamesomesha. Barabara zilitengenezwa, vivuko vikaongezeka, umeme ukafika. Ukienda kumwambia mkulima huyo ang'oe michikichi yake, atakufukuza na panga, na ana haki ya kukasirika.

Waliopoteza: wenye vibanja waliosema walisukumwa bila fidia ya kutosha au bila fidia kabisa. Februari 2015 wakulima wapatao mia moja walifungua kesi Masaka wakidai ardhi na fidia. Wengine waliopoteza ni wale waliotegemea msitu kwa dawa, kuni, kamba na mbao za mitumbwi. Chakula nacho: kisiwa kilichokuwa kinalima ndizi na mihogo kikaanza kutegemea zaidi chakula cha kutoka bara, kwa kivuko, kwa bei ya kivuko. Ukiwa na pesa ya mchikichi unanunua. Ukiwa huna mchikichi, bei ni ile ile.

Ziwa je? Uganda inataka mita 200 kutoka ufukweni zisilimwe, na wananchi pamoja na wanaharakati wamelalamika mara nyingi kwamba mpaka huo haukuheshimiwa kila mahali. Mbolea na udongo vikiingia majini, magugu na mwani vinashamiri, na mazalia ya samaki kwenye kingo yanaharibika. Samaki hawana pasipoti, ndugu zangu.

Na sasa lile nililosema mlikumbuke: mnunuzi ni mmoja. Kiwanda kimoja kisiwani, matunda yanaoza baada ya siku moja. Bei inapangwa kwa fomula inayofuata soko la dunia, na mkulima anakatwa mkopo wa miche na mbolea kwenye mauzo. Soko la dunia likipanda, sherehe. Likishuka, huwezi kusema "nitapeleka kwingine", kwingine hakuna. Huo ndio mkataba wa miaka 25.

Mradi haujaishia hapo. Mwaka 2018 IFAD iliidhinisha mkopo wa mradi mpya wa taifa wa michikichi unaogusa kisiwa cha Buvuma na maeneo mengine ya Uganda. Maswali ni yale yale, kisiwa kingine.

TURUDI NYUMBANI

Tanzania nayo inaagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua kampeni ya kufufua michikichi Kigoma, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora ya Tenera badala ya Dura ya zamani yenye kokwa nene na mafuta kidogo. Kigoma ni tofauti na Bugala kwa jambo kubwa: michikichi mingi iko mikononi mwa wananchi, wanakamua wenyewe kwa mashine ndogo na kumuuzia wanayemtaka. Madumu yanapanda mabasi kupitia Kibondo na Nyakanazi mpaka kwetu. Mavuno ni madogo, ndiyo, lakini shamba ni la mtu na soko ni huru. Ukipanda mbegu bora kwenye mashamba ambayo tayari yapo, hukati msitu hata mmoja. Hatari inakuja pale mtu mmoja atakapotaka maelfu ya hekta kwa mkupuo.

Ngara na Biharamulo mvua zetu hazitoshi kwa mchikichi wa kibiashara. Kwetu kitakachokuja, na kimeshaanza kuja, ni misindano na mikaratusi. Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ulianzisha mwaka wa fedha 2017/18 shamba kubwa la miti wilayani Chato, ambalo sasa linaitwa Silayo, kwenye eneo lililokuwa sehemu ya hifadhi ya msitu wa Biharamulo. Nguzo, mbao na ajira ni vitu tunavyovihitaji. Ila msingi wetu ubaki pale pale: shamba la miti lilete mbao, lisihesabiwe kuwa limechukua nafasi ya miombo.

Na tusijidanganye kwamba misitu yetu inaisha kwa sababu ya wageni peke yao. Ripoti ya serikali ya NAFORMA ya mwaka 2015 ilionyesha nchi inapoteza takribani hekta 372,000 za misitu kila mwaka, na sababu kubwa ni kilimo, mkaa, kuni na mifugo. Wazee wa Ngara wanakumbuka Aprili 1994, watu takribani 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa siku moja kukimbia mauaji ya Rwanda na kambi ya Benaco ikazaliwa. Wakimbizi walihitaji kuni za kupikia, na vilima vikabaki vitupu. Pale ilikuwa shida ya kuokoa roho. Lakini angalia tofauti: kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa 1996, na mahali palipoachwa mizizi na vichipukizi pakaanza kurudi. Shamba kubwa linang'oa kisiki na kulima, na kila kichipukizi cha asili kinaitwa gugu. Hapo msitu haurudi wenyewe.

Kuhusu viwanda vya karatasi, majirani na sisi wenyewe tuna historia. Webuye, Kenya, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza mwaka 1974, mji mzima ukaishi kwa ajili yake na kuvuta harufu yake, mto Nzoia ukabeba uchafu wake. Januari 2009 kikafungwa, na mji ukabaki na bomba la moshi lisilotoa moshi. Kwetu Mgololo, Mufindi, kiwanda cha Southern Paper Mills kilianza mwaka 1985 kwa mikopo mikubwa, kikasimama miaka ya 1990, kikauzwa kwa mwekezaji binafsi miaka ya 2000. Miti yake ya Sao Hill ilipandwa kwa sehemu kubwa kwenye nyika ya majani, siyo kwa kukata msitu mnene, na hilo ni la kusifiwa. Somo ni hili: mti ukishapandwa unasubiri kiwanda, na kiwanda kikifa, ardhi imeshafungwa.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa vijana msisinzie. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya MKUTANO MKUU wa kijiji. Mkutano mkuu ni kila mwanakijiji mwenye miaka 18 na kuendelea. Ni wewe. Ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, kama ni hekta 250 au chini, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kupata maoni ya kijiji.

Mgeni hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja, lazima kwanza ihamishwe. Na ikishahamishwa siyo ya kijiji tena. Kisarawe walijifunza kwa uchungu. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 ili ilime mbono kaburi wa mafuta ya mitambo. Mwaka 2011 ikaanguka, mamia wakapoteza kazi, na ardhi haikurudi vijijini yenyewe.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi mikubwa kabla haijaanza, na inakataza shughuli za kudumu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ziwani na mtoni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Msitu uliotengwa kisheria una mtetezi. Kumbukeni Bugala: uliokuwa hifadhi ndio uliookoka.

MASWALI SABA YA KUULIZA KWENYE MKUTANO WA KIJIJI

1. Eneo linalotakiwa sasa hivi lina nini? Msitu, malisho, mashamba yaliyopumzishwa? "Pori tu" siyo jibu.
2. Ni hekta ngapi kwa hesabu, na ramani iko wapi? Imebandikwa ofisi ya kijiji?
3. Tunakodisha, tunahamisha au tunauza? Miaka mingapi? Kampuni ikifa, ardhi inarudi kwa nani?
4. Nani anaishi au analima humo, hata kama hana karatasi? Fidia yake kiasi gani, na analipwa KABLA au BAADA ya trekta?
5. Mnunuzi ni mmoja au wengi? Bei inapangwaje, nani anakaa kwenye kikao cha bei?
6. Maji yanatoka wapi na mabaki yanakwenda wapi? Tathmini ya mazingira iko wapi, tuione.
7. Ahadi za zahanati, visima na ajira zimeandikwa kwenye mkataba au zimesemwa jukwaani?

Yakijibiwa yote vizuri, na eneo lenyewe siyo msitu, basi pandeni. Sina ugomvi na mchikichi wala msindano. Likibaki hata moja bila jibu, mkutano una haki ya kuahirishwa. Mwekezaji wa kweli anasubiri wiki mbili. Miti yake itakaa miaka 25, na ninyi mtaishi nayo.

Jambo la mwisho. Dunia sasa inaanza kuuliza mzigo umetoka wapi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayozuia mawese, mbao, kahawa na bidhaa nyingine zilizotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo ndio huo. Kwa hiyo hata kibiashara, shamba lililopandwa juu ya msitu linaweza kukosa soko kesho. Mkulima wa kahawa wa Kagera naye linamhusu.

Haya, wadau. Walioko Kigoma, mtueleze mbegu ya Tenera inaendeleaje huko. Mliofika Kalangala kwa uvuvi au biashara, semeni mlichokiona, kizuri na kibaya. Na wa Chato na Biharamulo: kabla ya shamba pale palikuwa na nini? Uwanja wa maoni uko hapo chini. Jadilini kwa hoja, matusi yatafutwa.